Yadi Mbili Zimebaki: Tuhukumu Uamuzi au Matokeo?



Ufikapo mwezi wa Novemba hapa Toronto, majani yakiwa yamekwisha kupukutika na jua likizama kabla ya saa kumi na moja za jioni, mazungumzo ya vijana wetu hubadilika. Simba na Yanga, Gor Mahia na AFC Leopards, huwekwa kando kwa siku chache, na badala yake hutajwa mpira wa Kikanada, ule wa kushikwa kwa mikono na kuvaliwa kofia ngumu, kwani huo ndio mwezi wa kugombea Kombe la Grey. Wazee wengi huyasikiliza mabishano hayo kwa subira bila ya kujua kinachobishaniwa. Makala haya ni kwa ajili ya pande zote mbili: mzee apate kuufahamu mchezo, na kijana apate kujiuliza iwapo anahukumu kwa haki.

Kwanza kanuni. Katika misimu tutakayoitaja, kila timu iliingiza wachezaji 12 katika uwanja wenye yadi 110 toka mstari wa lango hadi mstari wa lango. Timu yenye mpira ilipewa majaribio 3 ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu ilipata mengine 3, ikishindwa mpira ulikuwa wa wapinzani. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huitwa tachidauni, nayo ina pointi 6. Baada yake huja nafasi ya kuongeza pointi 1 kwa kupiga mpira kwa mguu, au pointi 2 kwa kuuingiza tena kwa kukimbia au kurusha. Timu isiyotaka kubahatisha yaweza kuupiga mpira upite kati ya nguzo mbili, ikajipatia pointi 3. Mwenye kuongoza mashambulizi ni mrushaji, na nyuma yake husimama mkimbiaji, ambaye kazi yake kubwa ni kupokea mpira na kupasua katikati ya walinzi.

Basi ugomvi wote wa mashabiki huzaliwa katika dakika za mwisho. Saa inakwenda, timu iko nyuma kwa pointi 3, na lango liko karibu. Je, kocha aagize mpira upigwe kwa mguu, wasawazishe, au atafute tachidauni ashinde moja kwa moja? Na akitafuta tachidauni, mpira ampe nani?

Chukua mfano wa timu ya mji wetu, Argonauts, katika mwaka 2017. Mwaka uliotangulia walikuwa wameshinda mechi 5 tu na kushindwa 13. Akaletwa kocha mpya, Marc Trestman, na miongoni mwa wachezaji wake wapya alikuwamo mkimbiaji chipukizi, James Wilder, ambaye baba yake, mwenye jina hilo hilo, aliwahi kuwa mkimbiaji mashuhuri huko Marekani. Msimu ulipoanza kijana huyu hakuwa chaguo la kwanza. Alipopewa nafasi, aliishika kwa mikono miwili: msimu ulipomalizika alikuwa amekimbia yadi 872, kwa wastani wa yadi 7 kila alipopewa mpira. Mzee aliyefahamu kanuni tulizozieleza ataona mara moja uzito wa hesabu hiyo. Anayehitaji yadi 10 kwa majaribio 3, naye ana mtu wa kumpatia 7 kwa jaribio moja, hana sababu ya kulala na wasiwasi. Novemba mwaka huo Wilder alitunukiwa zawadi ya chipukizi bora wa ligi nzima.

Si ajabu basi kwamba mashabiki walitaka mpira apewe yeye kila palipokuwa na shida. Tarehe 19 Novemba 2017, katika uwanja wa BMO Field, Argonauts walikabiliana na Saskatchewan Roughriders katika fainali ya Kanda ya Mashariki. Muda ukiwa umebaki chini ya dakika moja, Toronto walikuwa nyuma 18 kwa 21, na lango liko yadi 1 mbele yao. Pigo la mguu lingewapa sare. Kocha alikataa sare. Akataka tachidauni, walakini mpira hakupewa Wilder. Akaingizwa mrushaji wa akiba, Cody Fajardo, akajisukuma mbele moja kwa moja kifuani mwa walinzi, akaingia. Toronto wakashinda 25 kwa 21.

Kijana atauliza: imekuwaje aachwe mkimbiaji bora, apewe mtu wa akiba? Jibu limo katika kanuni. Katika mpira wa Kikanada walinzi hulazimika kusimama yadi nzima mbali na mpira. Mrushaji anayeupokea mpira pale pale mbele anaweza kuivuka yadi ile kabla walinzi hawajajipanga kumzuia, ilhali mkimbiaji huanza hatua kadhaa nyuma na humpasa kuzirejesha hatua hizo kwanza. Kwa yadi 1, njia fupi ni bora kuliko mtu hodari. Kutopewa mpira hakukuwa dharau kwa chipukizi.

Hadi hapo kila mtu anamsifu kocha. Lakini na turudi nyuma mwaka mmoja, katika uwanja ule ule wa BMO Field, tarehe 27 Novemba 2016. Hiyo ilikuwa fainali ya Kombe la Grey baina ya Calgary Stampeders na Ottawa Redblacks. Calgary walikuwa timu ya kuogopwa: katika msimu walishinda mechi 15, wakashindwa 2 na kutoka sare 1. Ottawa walikuwa wameshinda 8 tu. Hata hivyo, mechi ilipokaribia kwisha, Ottawa waliongoza 33 kwa 30, na Calgary walikuwa na mpira yadi 2 kutoka langoni. Walikuwa na mkimbiaji Jerome Messam, mtu wa mwili mkubwa, mwenyeji wa huku kwetu Brampton, aliyechaguliwa mwaka huo kuwa Mkanada bora wa ligi. Kila aliyekuwa uwanjani alimtazamia yeye.

Kocha Dave Dickenson akamwingiza mrushaji wa akiba, Andrew Buckley. Buckley hakwenda moja kwa moja. Alikimbilia pembeni na mpira mkononi, na mlinzi wa Ottawa, Abdul Kanneh, akamwangusha kabla hajafika. Calgary wakapiga mpira kwa mguu wakasawazisha 33 kwa 33, mechi ikaingia muda wa nyongeza, na Ottawa wakashinda 39 kwa 33.

Lawama zilizomwangukia Dickenson hazikupimika. Akaambiwa amejifanya mwerevu kupita kiasi. Nasi tuulize: alichofanya Calgary 2016 na alichofanya Toronto 2017 vina tofauti gani? Wote wawili walikuwa nyuma kwa pointi 3. Wote wawili walitaka tachidauni kabla ya sare. Wote wawili walimwacha mkimbiaji wao mkubwa, wakamwingiza mrushaji wa akiba. Mmoja akaitwa jasiri, mwingine akaitwa mpumbavu.

Tofauti ipo, lakini si ile inayopigiwa kelele. Kwanza, yadi 2 si yadi 1, na kukimbilia pembeni si sawa na kusukuma mbele. Hapo mkosoaji ana hoja ya haki. Pili, Dickenson naye alikuwa na sababu: Buckley alikwisha kufunga kwa kukimbia na mpira katika mechi ile ile. Tatu, na hili ndilo kubwa, Calgary walijua kwamba hata Buckley akiangushwa bado wana jaribio la kupiga mpira na kusawazisha. Hawakuuchoma mtumbwi wao. Uamuzi ule uliacha mlango wazi nyuma yake. (Na kwa wazazi wanaopenda kujua mwisho wa kijana huyo: Buckley aliuacha mpira baadaye, akaenda kusomea udaktari.)

Sasa tuitazame fainali ya 2017, iliyochezwa Ottawa tarehe 26 Novemba, theluji ikianguka. Toronto dhidi ya Calgary. Katika robo ya mwisho Calgary waliongoza 24 kwa 16 na walikuwa mlangoni kwa Toronto. Pointi 3 tu zingewafanya waongoze kwa 11. Wakarusha mpira, Kamar Jorden akaudaka, na alipokuwa akililia lango mpira ukamponyoka. Cassius Vaughn wa Toronto akaudaka, akakimbia nao uwanja mzima, yadi 109, hadi upande wa pili. Toronto wakaongeza pointi 2, ikawa 24 kwa 24. Halafu, ikiwa imebaki chini ya dakika moja, Toronto walichagua pigo la mguu. Mpigaji alikuwa Lirim Hajrullahu, aliyezaliwa Kosovo, akaletwa Kanada utotoni na wazazi waliokimbia vita, akakulia St. Catharines. Yadi 32, katika baridi ile, mpira ukapita kati ya nguzo: 27 kwa 24.

Calgary wakapata mpira tena, wakasogea hadi ndani ya upeo wa mguu wa mpigaji wao, René Paredes. Sare ilikuwa mkononi. Mrushaji Bo Levi Mitchell akaurusha mpira katika eneo la mwisho kutafuta ushindi, na Matt Black, mzaliwa wa Toronto, akaunasa. Mechi ikaisha.

Safari hii wakalaumiwa kwa kukataa sare! Mwaka wa kwanza walilaumiwa kwa namna walivyoutafuta ushindi, na mwaka wa pili wakalaumiwa kwa kuutafuta. Lau Mitchell angelirusha mpira ule ukaanguka chini bila ya kudakwa, jambo ambalo hutokea mara nyingi, Paredes angelipiga, na hakuna ambaye angelikumbuka.

Na wale wasemao kwamba pigo la mguu ndilo la usalama daima, wakumbuke fainali ya 2022 huko Regina. Winnipeg walikuwa nyuma ya Toronto 23 kwa 24, wakachagua njia hiyo ya usalama. Robbie Smith wa Toronto akanyoosha mkono akauzuia mpira, na kombe likaja kwetu.

Kwa hiyo katika kila jambo la namna hii yamo mambo matatu, nayo yafaa yatenganishwe. Upo uamuzi: je, kwa yaliyojulikana saa ile, lilikuwa ni chaguo la busara? Upo utekelezaji: je, aliyetumwa aliifanya kazi yake sawasawa? Na ipo bahati, mkono wa mlinzi unaofika nusu sekunde mapema. Kutafuta tachidauni kwa Calgary mwaka 2017 kulikuwa uamuzi wa kueleweka. Kosa lilikuwa kurusha mpira mahali ambapo mlinzi aliweza kuufikia kwanza, maana kwa kufanya hivyo waliufunga ule mlango ambao mwaka wa nyuma waliuacha wazi. Mshabiki anayeyachanganya matatu haya huwa amesoma matokeo ubaoni tu, akarudi nyuma kutafuta wa kumsifu na wa kumlaani.

Twayaandika haya si kwa ajili ya mpira peke yake. Katika nyumba zetu nyingi uamuzi mkubwa kuliko wote ulikuwa ni kuondoka kwetu. Wako ndugu wawili waliouza vitu vyao mwaka mmoja, kwa taarifa zile zile na matumaini yale yale. Mmoja alipofika, vyeti vyake vilikubaliwa, akapata kazi ya taaluma yake. Leo huitwa mwenye kuona mbali. Wa pili vyeti vyake vilikataliwa, akaendesha teksi usiku. Naye huambiwa, hata na jamaa zake, kwamba alikosea kuja. Uamuzi wao ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni kile kilichowapata baadaye, ambacho hakuna kati yao aliyekijua siku ya kupanda ndege.

Vivyo hivyo kwa watoto wetu. Kijana akichagua masomo fulani baada ya kuuliza, kupima na kushauriana na wazee wake, kisha mambo yasimwendee, asiambiwe, "Nilijua tu." Aulizwe: ulijua nini wakati ule, ulimshauri nani, na je, uliacha mlango wazi nyuma yako? Na aliyefanikiwa kwa kubahatisha naye aulizwe maswali hayo hayo, asije akadhani kuwa bahati ya leo ni elimu ya kesho.

Jioni ya fainali ijayo, baba na mwana wakikaa mbele ya runinga, tunawapendekezea mchezo mdogo. Timu ikifika karibu na lango na saa inakwisha, kila mmoja aseme uamuzi wake na sababu zake kabla mpira haujachezwa. Baada ya hapo hakuna ruhusa ya kubadili kauli. Chai ya atakayekubali kwamba alichagua vibaya ingawa timu yake imeshinda, itiwe sukari zaidi.

Wassalaam.