Wataka kusoma Kijerumani? Anzia Mkumbara!

Mwambie mshikaji wako kwamba unataka kwenda chuo kikuu kusomea Kijerumani na tafsiri, uone atakavyokukodolea macho. Swali la kwanza: "Kwani unazamia lini?" La pili: "Sasa hiyo digrii itakupa ugali?" Kwa vijana wengi wa mjini, Kijerumani ni lugha ya watu wawili tu: anayesaka viza, na yule anayewangoja watalii pale Moshi.

Mshiko upo, hilo tusidanganyane. Lugha hii hupimwa kwa ngazi sita, kuanzia A1 mpaka C2. Muuguzi anayetaka kazi Ujerumani huhitaji B1 au B2. Anayemfuata mume au mke wake kule kwa kawaida huulizwa cheti cha A1. Lakini leo, msomaji wangu, safu hii haikupeleki majuu. Inakupeleka Mkumbara, wilayani Korogwe.

Ukiwa kwenye basi la Moshi, ukishaiacha Mombo, milima ya Usambara ikiwa mkono wako wa kulia, ndipo inapokuja Mkumbara. Abiria wengi hupapita wamelala fofofo. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Mombo 1905, ikasonga mbele mpaka Moshi 1911. Mkumbara ikapata stesheni. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kampuni ya Wilkins & Wiese ikafunga njia ya waya kutoka Shume kule mlimani mpaka hapo stesheni, karibu kilometa 9, ya kushushia mbao za mwangati. Mitambo ilitoka kwa Bleichert wa Leipzig. Si mchezo!

Wajerumani kitu kile walikiita Drahtseilbahn. Usikimbie, neno halina meno. Likate vipande: Draht ni waya, Seil ni kamba, Bahn ni njia. Sasa lisome kutoka mkiani: njia ya kamba ya waya. Umeona? Kijerumani hutanguliza maelezo, kisha ndio linakuja jina lenyewe. Sisi tunaanza na jina. Ndiyo maana Ostafrika, yaani "Mashariki-Afrika" kwao, kwetu ni Afrika Mashariki. Ukishaijua siri hiyo, yale maneno yao marefu kama treni ya mizigo hayakutishi tena.

Halafu kuna ile der, die, das inayowatoa watu jasho. Kijiko ni "mwanamume", uma ni "mwanamke", kisu hakiko upande wowote. Wazungu wengine hulia ile mbaya hapo. Wewe, uliyekua na ngeli za Kiswahili bila hata kujua kwamba ni ngeli, unaogopa makundi matatu?

Kasheshe yenyewe iko kwenye tafsiri. Ukisoma Kijerumani ukakuta "Onkel", utaandika mjomba au baba mdogo? Kwenye hadithi ya mapenzi haina noma. Kwenye kesi ya mirathi, watu watatoana macho. Nalo "yeye" letu halisemi kama ni wa kiume au wa kike, Mjerumani lazima achague. Na "shikamoo" je? Guten Tag haina magoti ndani yake. Mwenye kamusi peke yake hapo hatoki. Ndiyo sababu tafsiri inasomewa.

NENO LILILOKULA ARDHI

Sasa shika hili. Novemba 26, 1895 ilitolewa amri ya Kaisari kuhusu ardhi ya koloni. Ilisema ardhi ambayo ni "herrenlos" ni mali ya dola, isipokuwa pale mtu, chifu au jamii ya wenyeji itakapoonyesha kuwa ina haki yake. Herr ni bwana, los ni bila. Ardhi isiyo na bwana. Lakini kwa wakulima wetu, shamba lililolazwa lipumzike lina mwenyewe, hata kama limeota magugu. Msitu wa matambiko una wenyewe. Mgeni akipita asione jembe, anaandika "herrenlos", basi tena, kazi imekwisha. Neno moja tu, bwana!

Makaratasi ya utawala ule hayajapotea yote. Mafaili yake mengi yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Yapo hapa hapa nyumbani, lakini yameandikwa Kijerumani, na mengi kwa mwandiko wa zamani uitwao Kurrent, ambao hata kijana wa Berlin leo anaweza kuuona kama mikwaruzo ya kuku. Kama sisi hatuyasomi, tutasimuliwa na wengine walichoona wao kina maana.

Na hilo lilishatokea. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo, alifundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Ndiye mwandishi mkuu wa maandishi yaliyozaa kitabu cha desturi za Waswahili, kilichochapishwa 1903 kwa Kiswahili na kwa Kijerumani. Jina lililong'aa jaladani? Carl Velten, Mjerumani aliyekihariri. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwaka uliofuata akataka kurudi nyumbani na mkewe, wakuu wa koloni wakawakatalia. Alifia Berlin mwaka 1927.

Sasa utasoma wapi? Kwa jirani zetu, Makerere, Nairobi na Kenyatta ni vyuo vikuu vilivyofundisha Kijerumani. Dar es Salaam kuna Goethe-Institut kwa anayetaka kuanza na kozi ya lugha. Kabla ya kujaza fomu, uliza mambo matatu: je, kuna somo la tafsiri lenyewe, au ni sarufi tu? Je, mnatafsiri kwenda Kiswahili, au Kiingereza peke yake? Na je, kuna anayefundisha kusoma Kurrent? Ukijibiwa "ndiyo" yote matatu, komaa hapo hapo.

Viza ukiipata, safari njema, tukumbuke kwa kadi. Lakini na wanaobaki wana kazi, tena nzito: kuna mafaili yanayozungumzia mashamba ya mababu zetu, nayo yanangoja msomaji.