Imani Sufuri au Uhakiki wa Daima? Juu ya Kanuni ya Ulinzi wa Kompyuta na Jina Lake

Katika miaka ya karibuni imeenea miongoni mwa mashirika kanuni ya kulinda kompyuta ambayo jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, huwa "imani sufuri". Tafsiri hiyo yakubalika kwa kamusi, lakini yaweza kumpoteza asomaye. Makusudi ya makala haya ni kueleza kanuni yenyewe, kisha kuuliza yafaa iitweje kwa Kiswahili. Maana shirika hutenda kwa kadiri lilivyoelewa jina.

Desturi ya zamani ilikuwa ya ukuta na lango. Aliyepita langoni kwa neno la siri alihesabiwa mwenyeji, akaachwa azunguke vyumba vyote. Lakini wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi wa Aprili 2021 wezi waliingia katika mtandao wa kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani kwa neno la siri la akaunti isiyotumika tena, ambayo hata hivyo haikuwa imefungwa. Wala haukutakiwa ushahidi wa pili. Kampuni ililisimamisha bomba lake la mafuta tangu tarehe 7 hadi tarehe 12 Mei, ikawalipa wezi bitcoin 75, ambazo thamani yake siku zile ilikuwa kama dola milioni 4.4.

Jina la kanuni mpya lilienezwa tangu mwaka 2010 na John Kindervag, aliyekuwa mchunguzi katika kampuni ya Forrester. Na Agosti 2020 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ikaieleza katika waraka wake nambari 800-207. Mambo yake makuu ni matatu. Kwanza, kuwa ndani si ushahidi: kila ombi huulizwa limetoka kwa nani, kwa chombo gani, na chombo hicho ki katika hali gani. Pili, kila mtu hupewa ruhusa ya kazi yake tu, nayo kazi ikiisha, ruhusa huondolewa. Tatu, mtandao hugawanywa vyumba vyumba, kila mlango ukawa na hodi yake, na kila apitaye huandikwa.

Kazi hii haimalizwi kwa kununua mtambo mmoja. Yapasa shirika lianze kwa kuhesabu watu wake, vyombo vyake na habari zake za thamani. Lifunge akaunti za walioondoka. Lidai ushahidi wa pili. Ndipo liendelee chumba kwa chumba. Kampuni ya Google ilianza kazi hiyo baada ya kushambuliwa mwaka 2009, na maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2014.

Sasa turudi kwenye jina. Katika Kiswahili, imani, amana, amani na uaminifu ni ndugu wa shina moja. Kumwambia mtu kwamba haaminiwi ni kumvunjia heshima. Mkuu wa ofisi akisoma "imani sufuri" aweza kudhani ameagizwa awapeleleze watumishi wake. Nao wakiona hivyo wataficha makosa yao badala ya kuyatangaza mapema, na hasara itazidi. Kumbe kanuni hii hupima maombi, haihukumu tabia za watu: mkurugenzi na karani huulizwa sawasawa.

Kwa hiyo napendekeza "uhakiki wa daima". Neno hakiki ni jamaa ya haki, nalo halina tusi ndani yake. Huenda mtu akasema kwamba uhakiki umekwisha kuwa mali ya wanafasihi. Lakini mhakiki wa fasihi naye hausifu utungo kwa sababu ya jina la mtunzi. Huufungua na kuutazama, kila mara upya. Maana hizi mbili zaweza kukaa nyumba moja bila ugomvi. Nasi sote twajua kwamba apigaye hodi hatukanwi kwa kuulizwa, "Nani?"