Ubongo Uliogeuzwa Supu Ili Uhesabiwe

Picha mbili hupenda kuwekwa sambamba: ya seli za neva chini ya hadubini na ya mtandao wa galaksi uliochorwa na kompyuta. Zinafanana mno, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo: akili ni fumbo, ulimwengu ni fumbo, basi. Inasikitisha, kwa sababu mafumbo haya hunoga zaidi yakipimwa.

Mwaka 2020 Waitaliano wawili, Franco Vazza anayechunguza galaksi na Alberto Feletti anayepasua ubongo, walijaribu kuyapima. Walichukua vipande vyembamba vya ubongo wa binadamu, wakavilinganisha na ulimwengu ulioigizwa kwa kompyuta. Mpangilio wa ubongo wa nyuma, kuanzia sehemu moja ya elfu ya milimita hadi sehemu moja ya kumi, ulikaribiana na mpangilio wa maada angani katika umbali wa miaka ya nuru milioni 5 hadi milioni 500. Ni ufanano wa umbo tu. Wanaoutumia kudai kwamba ulimwengu unawaza wanawaonea watafiti hao.

Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ubongo una seli za neva bilioni 100. Suzana Herculano-Houzel, mwanasayansi wa Brazil, alimtafuta aliyezihesabu, asimpate. Ugumu ni kwamba seli hizo hazikutawanyika sawasawa: hapa zimesongamana, pale zimeachana, hivyo kuhesabu kipande kimoja na kuzidisha kunapotosha. Yeye akaamua kuuvuruga ubongo wenyewe. Ubongo uliohifadhiwa kwa formalini hukatwa vipande, kisha husagwa ndani ya mrija wa kioo wenye maji ya sabuni. Tando za seli hupasuka, lakini viini hubaki vizima vikielea, na kila seli ina kiini kimoja. Supu hiyo ikitikiswa, viini husambaa sawasawa, na tone dogo chini ya hadubini linatosha kutoa hesabu ya mrija mzima. Rangi moja huonyesha viini vyote, nyingine vya seli za neva peke yake.

Jibu lilitoka mwaka 2009, kutokana na ubongo wa wanaume wanne: wastani wa bilioni 86. Takriban bilioni 69 kati ya hizo zimo katika ubongo wa nyuma, kule kisogoni, ilhali gamba la ubongo linalosifiwa kwa fikra lina bilioni 16 tu. Tembo wa Afrika alipopimwa vivyo hivyo alikutwa na bilioni 257, lakini gambani mwake hazikufika bilioni 6.

Nyota hazisagiki.

Za galaksi yetu, Njia Nyeupe, bado hukadiriwa kuwa kati ya bilioni 100 na bilioni 400. Tena, maada ya kawaida, pamoja na kila king'aacho, ni kama asilimia 5 tu ya vilivyomo ulimwenguni. Kilichobaki huitwa maada ya giza na nishati ya giza, na hujulikana kwa athari zake tu. Pwani yetu ina sehemu yake katika kazi ya kuchungulia yasiyoonekana. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya eksirei za angani, na data zake zilisaidia kutambua kwamba chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1 kina shimo jeusi. Ni aibu kwamba mtoto anaweza kumaliza shule pwani hiyohiyo bila kuisikia.

Kisha mafumbo haya yanaachana. Mnyoo aitwaye C. elegans ana urefu wa milimita moja na seli za neva 302, na ramani ya viunganisho vyake ilichapishwa mwaka 1986. Hata hivyo, ramani hiyo peke yake haitoshi kubashiri mnyoo atafanya nini, wakati kupatwa kwa jua hubashiriwa miaka mingi kabla. Ramani ya kipande cha gamba la binadamu cha milimita moja ya ujazo, iliyotolewa mwaka 2024, ilikula petabaiti 1.4 za data.

Faida za kuyachunguza mafumbo haya zipo: vifaa vya kusikia vinavyopandikizwa, nyaya za kutuliza mtetemeko wa Parkinson, kamera za simu, na kadhalika.

Kinachoudhi ni fumbo kugeuzwa kisingizio. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alikuta wenye kifafa wakitengwa, kwa hofu kwamba povu lao linaambukiza. Hata aliyeangukia motoni aliogopwa kushikwa. Akaanzisha kliniki, akawapa dawa ya fenobabitali, na wengi wakapata nafuu. Baadaye watafiti waliuhusisha wingi wa kifafa huko na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi wa mitoni na unaodhibitiwa kwa vidonge. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo, lakini robo tatu ya walio katika nchi maskini hawapati tiba wanayoihitaji. Fenobabitali inatibu kifafa tangu mwaka 1912.