Uingereza: Mwaka wa msingi wafungua mlango wa sayansi ya uchunguzi wa jinai

Vijana waliohamia Uingereza bila kusoma kemia wala biolojia hadi kidato cha sita bado wana njia ya kusomea sayansi ya uchunguzi wa jinai katika chuo kikuu. Njia hiyo huitwa mwaka wa msingi. Hata hivyo, ni safari ya miaka minne yenye gharama kubwa, na mwombaji anapaswa kufahamu inamfikisha wapi kabla ya kutia saini mkopo.

Sayansi mbele ya hakimu

Taaluma hii hutumia kemia, biolojia na fizikia kujibu maswali ya mahakama: damu hii ni ya nani, moto ulianzia wapi, sumu gani ilitumika. Mnamo Septemba 1984, Profesa Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua mbinu ya kumtambua mtu kwa vinasaba. Kesi ya kwanza iliyotatuliwa kwa mbinu hiyo, mwaka 1985, haikuwa ya mauaji bali ya uhamiaji. Mvulana wa familia yenye asili ya Ghana alikuwa amezuiwa kuingia nchini kwa sababu maafisa walitilia shaka iwapo mama aliyedai kumzaa alikuwa mama yake kweli. Vipimo viliondoa shaka hiyo, naye akaruhusiwa kuishi na familia yake.

Baadaye mbinu hiyo hiyo ilimwondolea hatia kijana aliyekuwa amekiri mauaji ambayo hakuyatenda, na mwaka 1988 muuaji halisi akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mwaka wa msingi ni nini?

Ni mwaka mmoja wa maandalizi unaotangulia shahada ya kwanza. Mwanafunzi hufundishwa biolojia, kemia, hisabati, kazi za maabara na uandishi wa ripoti. Akifikia alama zinazotakiwa, huingia mwaka wa kwanza wa shahada yenyewe, ambayo kwa kawaida ni ya miaka mitatu. Chuo Kikuu cha Kent ni miongoni mwa vyuo ambavyo vimekuwa vikitoa kozi ya namna hii. Vyeti vilivyopatikana nje ya nchi hulinganishwa na vya Uingereza, kazi inayofanywa na taasisi iitwayo UK ENIC.

Ada na hadhi ya ukaazi

Kwa England, ada ya juu kwa mkaazi katika mwaka wa masomo 2025/26 ilikuwa pauni 9,535. Mwaka wa msingi wa masomo ya darasani, kama biashara, umepunguziwa ada hadi pauni 5,760, lakini nafuu hiyo haikuyagusa masomo ya sayansi ya maabara.

Aliyepewa hadhi ya ukimbizi huweza kuomba mkopo wa serikali kama mkaazi. Anayesubiri jibu la maombi ya hifadhi hapati mkopo huo, na mara nyingi hutozwa ada ya mwanafunzi wa kigeni. Baadhi ya vyuo hutoa ufadhili maalumu kwa watu wa kundi hili.

Ni muhimu pia kutofautisha mwaka wa msingi ulio sehemu ya shahada, ambao hugharimiwa na mkopo wa chuo kikuu, na kozi ya maandalizi inayosimama peke yake, ambayo kwa kawaida haigharimiwi na mkopo huo.

Kwa wenye umri wa miaka 19 na zaidi kuna njia nyingine: diploma ya Access, inayofundishwa katika vyuo vya kati. Nayo ina mkopo wake, na deni linalosalia la mkopo huo hufutwa mwanafunzi anapohitimu shahada.

Baada ya kuhitimu

Shahada si hati ya ajira. Maabara ya serikali iliyohudumia England na Wales ilifungwa mwaka 2012, na tangu hapo kazi hufanywa na kampuni binafsi pamoja na vitengo vya polisi. Maabara nyingi huajiri pia wahitimu wa kemia au biolojia, hivyo ushindani ni mkubwa. Zaidi ya hayo, anayeomba kazi polisi huchunguzwa historia yake, na kwa kawaida hutakiwa awe ameishi nchini kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba nafasi, mwombaji anashauriwa kuuliza chuo maswali matatu. Je, kufaulu mwaka wa msingi kunahakikisha nafasi katika shahada? Je, shahada hiyo ina ithibati ya chama cha kitaaluma cha wanasayansi wa uchunguzi wa jinai? Na je, anaweza kuhamia shahada ya kemia au biolojia iwapo atabadili nia? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama miaka minne ya masomo na deni lake vina faida kwake.