Prosesa za AM4 zinafikia ukingoni: je, tuzinunue?

Katika kikao cha robo iliyopita kamati yetu ilipitia proforma za kompyuta 10 za ofisi za vikundi vya kuweka na kukopa vilivyo chini ya mradi. Muuzaji mmoja alikuwa na bei ya chini kuliko wenzake, na tofauti haikuwa ndogo: kwa bei ya kompyuta nane za wengine, yeye angetupatia zote 10. Fundi wetu akaisoma ile karatasi, akasema, "Hizi ni AM4. Mkondo huu umefika jioni." Mama mhazini akamgeukia: "Fundi, sasa tunanunua kompyuta au tunanunua maiti?"

Wajumbe walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Fedha zile zimetokana na harambee za sharika, na hatuwezi kuwarudia wale wale baada ya miaka mitatu kuwaambia kompyuta zimepitwa na wakati. Kwa kuwa vituo vingine vinaletewa proforma za namna hii, tumeona vema kueleza tulichojifunza.

AM4 si jina la prosesa yenyewe. Ni jina la soketi, yaani kitako kilichopo kwenye ubao mkuu (mafundi huuita mazabodi) ambamo prosesa hukaa. Kampuni ya AMD ya Marekani ilianza kuuza prosesa zake za Ryzen kwa soketi hiyo Machi 2017, zikafuata za mfululizo wa 2000, 3000 na 5000. Septemba 2022 ikaleta soketi nyingine, AM5. Prosesa ya AM5 haiingii kwenye ubao wa AM4, na RAM nazo ni tofauti: AM4 hutumia DDR4, AM5 hutumia DDR5 peke yake. Hata hivyo AMD iliendelea kutoa prosesa za AM4 hata baada ya hapo, ingawa zilijengwa kwa usanifu ule ule uliotoka 2020. Kwa hiyo mwisho wa mkondo si siku moja kama siku ya mazishi. Una hatua zake, na kila hatua humuumiza mtu tofauti.

Hatua ya kwanza ni kwamba hakuna tena prosesa bora zaidi ya kupachika baadaye. Hili humhusu anayenunua kidogo kidogo, leo prosesa ndogo, kesho kubwa. Ofisi zetu haziishi hivyo. Hatujawahi kubadilisha prosesa ya kompyuta hata moja tangu mradi uanze, tukaona jambo hili lisituchukulie muda.

Hatua inayouma kweli ni programu zinapoikataa mashine. Hapa tunasema tukiwa na kovu. Mwanzoni mwa 2021 tulinunua kompyuta zilizotumika zenye prosesa za Intel za kizazi cha 7, bei nzuri, hali nzuri. Oktoba ya mwaka ule ule Windows 11 ilitoka, ikadai kwa upande wa Intel kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache mno. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hazikuharibika hata moja! Lakini mashine inayotunza akiba za akina mama haiwezi kukaa bila marekebisho ya usalama. Tumeziwekea Linux na sasa zinafundishia kuchapa katika chuo cha ufundi, kazi ambayo zinaifanya vizuri, ila sio tuliyozinunulia.

Kwa AM4 mpaka upo ndani ya mkondo wenyewe. Ryzen za mfululizo wa 1000 hazimo katika orodha ya Windows 11. Za 2000 zimo, lakini jihadharini na 2200G na 2400G: majina yao yanaanza na 2, matumbo yao ni ya kizazi cha kwanza, nazo hazimo. Za 5000 zimo. Usiridhike na neno "Ryzen 5" kwenye proforma. Dai namba yote.

Na ukishaipata namba, tazama kama ina herufi mwishoni. Ryzen 5 5600G ina uwezo wa kuonyesha picha kwenye skrini bila kadi ya ziada. Ryzen 5 5600 na 5600X hazina. Bila kadi ya picha skrini inabaki nyeusi. Proforma moja iliyotufikia ilikuwa rahisi kwa sababu hiyo tu, kadi haikuwamo. 5600G ina kiwango cha wati 65, jambo zuri kwa vituo vyetu viwili vinavyotumia umeme wa jua.

Kisha kuna vipuri. Prosesa yenyewe hufa mara chache. Kinachokufa kwetu, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, ni pawasaplai na ubao mkuu. Kwa hiyo swali si mkondo unaisha lini, bali umeacha nini madukani. Pentium 4 za kwanza za Intel zilitoka Novemba 2000 kwa soketi ya 423, na RAM yake ilikuwa aina ya RDRAM, ghali kupindukia. Kabla mwaka haujaisha Intel ilikwisha kuleta soketi nyingine, ile ya 478. Waliobaki na 423 walibaki yatima. AM4 imekaa zaidi ya miaka mitano kabla ya kupata mrithi, na bao zake zimetengenezwa na kampuni nyingi. Mkondo wa namna hiyo hauachi yatima upesi.

RAM ndiyo iliyotutia wasiwasi zaidi. Wengi hudhani kitu kikizeeka kinashuka bei. RAM ya zamani mara nyingi hufanya kinyume, maana viwanda vikihamia aina mpya, ile ya zamani huwa adimu. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda kwa kasi, DDR4 na DDR5 pia, kwa kuwa vituo vikubwa vya kompyuta za akili bandia vilizihitaji kwa wingi. Ukinunua AM4, weka RAM yote siku ya kwanza. Sisi tumeandika GB 16 kwa kila moja.

Kuna ambao tungewashauri wachukue AM5. Studio ya kuhariri video ni mfano, au yeyote atakayeongeza uwezo baadaye. AMD ilitangaza mwaka 2024 kwamba itaendelea na soketi hiyo hadi 2027 na kuendelea. Na kama tofauti ya bei ni ndogo, hakuna sababu ya kununua cha jioni.

Kwetu tofauti ilikuwa kubwa. Tumechukua 10 za AM4 zenye 5600G, na akiba iliyobaki imenunua UPS pamoja na bao mbili za ziada. Fundi ameomba asije mtu mwingine kuzifungua: miguu ya prosesa hizi, 1331 kwa hesabu, iko kwenye prosesa yenyewe, na anayeng'oa feni kwa nguvu huing'oa pamoja nayo na kuipinda.

Mama mhazini alisaini, kwa sharti moja: zile bao mbili ziandikwe kwenye daftari la mali kwa namba zake, na ufunguo wa kabati akae nao yeye.