Birika la Samaki Ndani ya Nyumba: Hesabu Maji Kwanza



Tangu mavuno yaliyopita wanachama kadha wa kadha wameuliza khabari ya kufuga samaki katika birika lililojengwa ndani ya chumba au banda la uani. Swali lao lina maana. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukizaa sana mwaka mmoja, aghlabu hupumzika baadaye, na katika muda huo kitoweo hununuliwa kwa fedha iliyo haba. Basi maelezo haya yataonyesha namna kazi hiyo inavyofanywa, na khasa jambo moja ambalo likisahauliwa kazi yote huharibika. Jambo lenyewe ni hili: mtu anayefuga samaki ndani ya nyumba, kwa hakika anafuga maji. Maji yakiwa mazima samaki hukua, na yakiharibika hufa wote kwa usiku mmoja.

Faida ya chumba ni kuwa kunguru, mdiria na kenge hawaingii, mvua ya masika haifurishi birika, na mwizi hupata taabu. Hasara yake ni kuwa upepo na jua, ambavyo huyasaidia maji ya ziwani, havifiki humo. Kazi ya upepo itakubidi uifanye wewe.

KIPIMO. Tuseme birika lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2, na kina cha maji cha sentimita 80. Hayo ni maji lita 4,800, na uzito wake unakaribia tani 5. Kwa hiyo birika lisijengwe ghorofani, wala juu ya sakafu ya zamani isiyojulikana ilivyowekwa. Lijengwe juu ya ardhi iliyoshindiliwa, tena lisichimbwe chini. Birika lililoinuka ni rahisi kulitoa maji, na mtoto mdogo hatumbukii kwa urahisi.

UJENZI. Sakafu iwe ya zege yenye nondo, kwa kipimo cha saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Kuta ziwe za matofali ya saruji, nazo zitiwe nondo, maana maji husukuma ukuta kwa nguvu kubwa upande wa chini. Lipu ya ndani iwe saruji 1 kwa mchanga 3, na pembe zifanywe mviringo ili uchafu usijifiche. Msitumie mchanga wa pwani, kwani chumvi yake hula nondo. Sakafu iinamie upande mmoja penye bomba la kutolea maji, na juu ya ukuta pawe na bomba jingine la kupunguza maji yakizidi. Maji yatokayo yaelekezwe kwenye migomba au mboga, maana yana rutuba.

KUISAFISHA SARUJI. Hapa ndipo wengi hufanya haraka. Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji, na chokaa hiyo huunguza mashavu ya samaki. Jaza birika, liache siku kadhaa, mwaga, jaza tena. Fanya hivyo kwa muda wa wiki 2 au 3. Kusugua kuta kwa siki husaidia. Ukipata karatasi za kupimia ukali wa maji, ngoja mpaka kipimo kishuke kufika 8 au chini kidogo. Maji ya mfereji yaliyotiwa dawa ya klorini yaachwe wazi siku 1 au 2 kabla ya kutiwa samaki.

KUCHUJA. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki huzaa amonia, nayo ni sumu. Wapo vijidudu vyema ambavyo huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisichodhuru sana, lakini huhitaji mahali pa kukaa. Chukua pipa, litie kokoto na vipande vya nyavu chakavu, kisha pampu ndogo ipandishe maji ya birika yapite humo na kurudi. Vijidudu hivyo havitimii kwa siku moja. Huchukua kadiri ya wiki 4 mpaka 6. Kwa hiyo anza na samaki 10 tu, na wengine uwaongeze kidogo kidogo. Kila wiki badilisha kadiri ya robo ya maji, wala usiyatoe yote kwa mara moja. Kokoto za pipa zioshwe kwa maji ya birika lenyewe, kwani maji ya mfereji yenye dawa huua vile vijidudu.

HEWA. Maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi, na nchi yetu ni ya joto. Maji yanayorudi kutoka pipani yaanguke kutoka juu ili yachukue hewa. Ukiwaona samaki wamepanda juu wakitweta, usiwape chakula, wape hewa. Wala tusiutegemee umeme peke yake. Wenzetu wa Unguja walikaa gizani kiasi cha mwezi mzima mwaka 2008, na tena tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Pemba nayo hupata umeme wake kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Weka mashine ndogo ya hewa inayotumia betri. Ukikosa, chota maji kwa ndoo uyamimine kutoka juu, na uache kulisha; samaki mzima hastahimili kukosa hewa, lakini njaa ya siku chache huistahimili.

SAMAKI NA CHAKULA. Perege anafaa kwa kuanzia, maana hupenda joto la nyuzi 25 mpaka 30 na hali chakula cha kuchagua. Katika birika tulilolitaja usizidishe samaki 50. Wakifika gramu 200 kila mmoja, jumla ni kilo 10, na chakula cha siku ni kadiri ya gramu 300, kigawanywe asubuhi na jioni. Kisicholiwa kwa dakika chache kitolewe. Pumba za mpunga na unga wa dagaa husaidia kupunguza gharama.

KARAFUU ZIKAE MBALI. Neno hili latuhusu sisi kuliko wafugaji wengine. Mafuta ya karafuu hulewesha samaki. Wataalamu wa nchi nyingi hutia matone machache ndani ya ndoo ili kuwalaza samaki wanapowapima, na yakizidi samaki haamki tena. Mafuta hayo yamo katika karafuu na katika makonyo pia. Basi chumba cha samaki kisiwe ghala, na mikono iliyokuwa ikichambua karafuu ioshwe kwanza. Tena unyevu wa chumba hicho utazitia ukungu karafuu kavu na kuzishusha daraja. Ni hasara pande zote mbili.

USALAMA. Juu ya birika pawe na wavu imara, na mlango ufungwe, kwa ajili ya watoto. Nyaya za umeme zipite juu, mbali na maji, na umeme uzimwe kabla ya kutia mkono.

Sasa tufanye hesabu ya kweli. Samaki 50 wa robo kilo ni kilo 12 na nusu, na huchukua miezi 6 mpaka 8 kwa malezi mema. Hicho ni kitoweo cha nyumba, na kidogo cha kumgaia jirani, si utajiri. Kwa hiyo wasia wetu ni kuwa mwanachama ajenge kwa akiba aliyo nayo, baada ya kutenga fedha ya palizi, ya wachumaji na ya majamvi ya kuanikia. Asiweke rehani karafuu zilizo mtini kwa ajili ya birika. Akifaulu kwa samaki 50 mwaka mzima bila ya maji kuharibika, hapo ataweza kufikiri birika la pili.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama