Lugha ya Zizini: Istilahi za Uzazi wa Mifugo na Hali Yake Garissa

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa mtoto wa ng'ombe huitwaje, hujibu "ndama" pasi na kusita. Akiulizwa jina la mbuzi jike aliyekwisha kukua lakini hajazaa, husita. Akiulizwa jina la yale maziwa mazito ya rangi ya manjano yanayotoka kiweleni mara tu mnyama anapozaa, aghalabu hunyamaza, ama hutoa maelezo marefu mahali ambapo neno moja lingetosha. Ilhali maneno yenyewe yapo: la kwanza ni mfarika na la pili ni dang'a. Makala haya yanadhamiria kueleza namna uzazi wa mifugo unavyoendeshwa katika shamba dogo la familia huko Garissa, na kuonyesha kwamba upungufu wa msamiati huu si jambo la chumba cha mtihani pekee.

Garissa hufikiriwa na wengi kuwa nchi ya wafugaji wa kuhamahama na ya soko kubwa la mifugo. Sifa hizo ni za kweli, lakini ukingoni mwa Mto Tana kuna pia mashamba madogo ya ndizi, maembe, nyanya na matikiti, ambayo nyuma yake huwa pana zizi la miiba lenye mbuzi na kondoo wachache, pengine ng'ombe mmoja wa kukamwa na punda wa kuteka maji. Jamaa zilizopoteza mifugo yao katika kiangazi kirefu ndizo nyingi zilizoanzisha makazi ya namna hii. Kwa jamaa kama hiyo, kuzaliwa kwa vibuzi viwili si habari ndogo. Ni maziwa ya watoto, ni karo, na ni hatua moja ya kurudia hali waliyokuwa nayo.

Hebu tuanze na kitenzi chenyewe. Kiswahili hutofautisha adabu ya kumtaja binadamu na mnyama: mwanamke hujifungua, mbuzi huzaa. Hata hivyo, kitenzi zaa hakidharauliki hata kidogo. Kutokana nacho tumepata uzazi, kizazi, mzazi, zalio (yaani kondo la nyuma), na pia zao na mazao. Mkulima wa Tana anayesema kwamba migomba yake imezaa na mbuzi wake amezaa anatumia kitenzi kimoja kwa shamba na kwa zizi. Naona hapa mofolojia imehifadhi fikra ya kale ambayo sisi tunaoisoma darasani tumeacha kuiona.

Kalenda ya uzazi hufuata mvua. Garissa ina misimu miwili ya mvua, ambayo Wasomali huiita Gu (Machi hadi Mei) na Deyr (Oktoba hadi Desemba). Baina yake kuna kiangazi kikali cha Jilaal mwanzoni mwa mwaka na kipindi cha Xagaa katikati ya mwaka. (Ikumbukwe kuwa katika hati ya Kisomali iliyopitishwa mwaka 1972, herufi x husimamia sauti ya h ya kooni, kama ile ya Kiarabu katika neno "Muhammad".) Mbuzi na kondoo hubeba mimba kwa takriban miezi 5. Basi mbuzi aliyepandwa mwezi wa Mei, majani yakiwa tele, atazaa Oktoba mvua za pili zinapoanza. Na aliyepandwa Novemba atazaa Aprili. Hesabu hiyo ni nzuri mno mvua zikitii. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo, na majike yaliyopata mimba kwa matumaini ya manyunyu machache yakazaa katika vumbi. Mama asiye na malisho hana maziwa, na kibuzi kisicho na maziwa hakifiki popote. Ndiyo maana wafugaji wengi humzuia beberu kwa muda: Wamaasai, mathalani, humfunga kipande cha ngozi chini ya tumbo asiweze kupanda.

Sasa turejee kwenye dang'a, maana hapo ndipo neno na uhai hukutana. Mtoto wa binadamu hupokea sehemu ya kinga ya mamaye akiwa bado tumboni. Ndama, kibuzi na mwanakondoo hawapati bahati hiyo, kwa kuwa kondo la wanyama hawa halipitishi kinga. Huzaliwa mikono mitupu, kama tuwezavyo kusema, na kinga yao yote ya mwanzo imo katika dang'a. Tena utumbo wa kitoto hicho huweza kuinyonya kinga hiyo kwa muda wa takriban siku moja tu. Baada ya hapo mlango hufungwa. Kitoto ambacho hakikunyonya mapema huenda kikaonekana kizima, kisha kikafa kwa kuhara majuma machache baadaye, na watu wasijue kisa.

Katika baadhi ya jamii zinazofuga ngamia kumekuwapo desturi ya kuyamwaga maziwa hayo ama kumpunguzia ndama, kwa kudhani kuwa yanamharisha. Afisa wa mifugo anapokuja kuwashauri watu waache desturi hiyo, hutumia maneno gani? Kwa kawaida husema "maziwa ya kwanza". Kwa msikilizaji ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, maziwa ya kwanza yanaweza kuwa yale ya alfajiri, au yale matone ya mwanzo yanayokamuliwa kusafisha chuchu. Msomali ana neno lake mahsusi, dambar, lisiloweza kuchanganywa na lolote. Mswahili naye ana dang'a. Maneno mawili mahsusi yapo, na bado ushauri hutolewa kwa fungu la maneno lenye utata. Siwalaumu maafisa, wamefunzwa kwa Kiingereza. Lawama kiasi ni yetu sisi wa idara za Kiswahili, ambao hufundisha istilahi za isimu kwa bidii na kuziacha za zizi zife.

Mnyama mpya haingii zizini kwa kuzaliwa tu. Huweza kununuliwa, kupewa au kurithiwa. Kuna desturi ya Kisomali iitwayo xuddunxir, maana yake "kufunga kitovu", ambapo mtoto mchanga hupewa mnyama jike, na uzao wa mnyama huyo huhesabiwa kuwa wa mtoto huyo. Mnyama wa sokoni naye hutiwa chapa, summad kwa Kisomali, ajulikane ni wa nani. Lakini chapa haizuii maradhi. Mbuzi aliyenunuliwa anafaa kutengwa na wenzake majuma matatu au manne, kwani huenda amebeba sotoka ya mbuzi na kondoo au homa ya mapafu pasi na dalili.

Maradhi yanayogusa uzazi kwa namna ya kutisha zaidi ni Homa ya Bonde la Ufa, iliyobainishwa mara ya kwanza karibu na Naivasha mwaka 1931 baada ya vifo vya wanakondoo. Virusi vyake hukaa katika mayai ya mbu yaliyozikwa udongoni, yakingojea mafuriko. Garissa ilipigwa mwaka 1997 na 1998, kisha ikapigwa tena mwishoni mwa 2006. Katika mkurupuko huo wa pili watu zaidi ya 150 walifariki nchini Kenya. Dalili kuu zizini ni majike mengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, na anayewasaidia kuzaa, akishika zalio au kijusi kwa mikono mitupu, huambukizwa. Wafugaji wa Kisomali walikuwa na jina la maradhi hayo, sandik, yaani kutokwa na damu puani, nao waliziona dalili mapema kabla ya taarifa za maabara kutoka. Angalia basi uzito wa msamiati: "mbuzi wangu ni mgonjwa" ni taarifa isiyomshtua afisa yeyote, ilhali "mbuzi ishirini wametupa mimba wiki hii baada ya mafuriko" ni king'ora.

Nimemwacha ngamia mwisho kwa kusudi, kwa sababu kwake Kiswahili kinapungukiwa kweli. Ngamia jike hubeba mimba kwa muda wa takriban miezi 13 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo huchukua kama miaka 2 kabla ya kuzaa tena. Zaidi ya hayo, hateremshi maziwa vizuri mpaka mtoto wake aguse chuchu kwanza. Mtoto akifa, wafugaji huihifadhi ngozi yake na kumnusisha mama ili aendelee kukamwa, au kumfunika nayo mtoto wa ngamia mwingine ili akubaliwe. Wasomali humwita mtoto anayenyonya nirig, jike hal, dume la mbegu baarqab, na anayetoa maziwa irmaan. Sisi tunasema "mtoto wa ngamia" na "ngamia jike", basi.

Maoni yangu ni kwamba penye neno letu, kama dang'a, mfarika, mtamba na zalio, tulifufue kwanza. Pasipo na neno, tukope kutoka kwa wenye ngamia. Nirigi lingeingia kwa urahisi katika ngeli ya A-WA: nirigi huyu ananyonya, nirigi hawa wananyonya. Kuna atakayesema wingi uwe manirigi kwa kufuata mabwana na mafundi, na kuna atakayetaka tubakie na umbo moja kama ndama na ngamia wenyewe. Mimi nalipendelea hili la pili, ingawa wachungaji vijana wa Garissa wanaozungumza Kiswahili kila siku sokoni wanastahili kuulizwa kabla yetu.